Upepo Hautoshi: Funzo la Ghuba kwa Walimu na Wanafunzi

Kwa karne nyingi majahazi ya Oman na ya Ghuba ya Uajemi yaliteremka kila mwaka hadi Lamu, Mombasa, Unguja na Rufiji kwa upepo wa kaskazi, yakarejea makwao kwa upepo wa kusi. Yalileta tende na bidhaa nyingine, yakachukua boriti za mikoko, ambazo zilibeba mapaa ya nyumba katika miji ya Kuwait na Bahrain, nchi zisizo na miti ya kutosha. Biashara hiyo iliwajengea mabaharia wa pande zote mbili ujuzi mkubwa wa pepo za misimu. Pamoja na ujuzi huo ilijengeka dhana moja ambayo mpaka leo imekaa katika vichwa vya watu wengi, wakiwamo waliosoma: kwamba bahari hufuata upepo.

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa mikondo ya bahari husababishwa na nini, aghalabu hujibu kwa neno moja tu, "upepo", na aghalabu hupewa alama zake. Jibu hilo si la uongo. Ni nusu ya jibu. Na nusu ya jibu ikikubaliwa kuwa jibu zima, swali la pili haliulizwi tena. Hoja ya makala haya ni kwamba uzito wa maji unastahili kupewa darasani nafasi sawa na nguvu ya upepo, na kwamba bahari za pembeni zenye kina kifupi ndizo mahali bora pa kuanzia somo hilo. Mfano ulio wazi kuliko mingi ni Ghuba ile ile yalikotoka majahazi.

Bahari ipotezayo maji bila kupungua

Bahari ya pembeni ni sehemu ya bahari iliyozungukwa kwa kiasi kikubwa na nchi kavu, nayo huungana na bahari kuu kwa mlango mmoja au michache. Ghuba ya Uajemi, ambayo Waarabu huiita Ghuba ya Uarabuni, ina eneo la kilometa za mraba zipatazo 240,000, lakini kina chake cha wastani ni meta 35 hivi. Mnazi mrefu ukisimamishwa juu ya sakafu yake katika sehemu nyingi, makuti yangekaribia kutokeza juu ya maji. Njia yake pekee ya kuungana na bahari kuu ni Mlango wa Hormuz, ambao mahali pembamba kabisa una upana wa kilometa 55 hivi.

Jua, hewa kavu na upepo huvukiza maji mengi ya Ghuba. Mvua ni haba, haifiki kwa wastani sentimeta 10 kwa mwaka, na maji ya mito, ambayo mengi huingia kwa njia ya Shatt al-Arab, hayatoshi kufidia. Ukitoa kile kinacholetwa na mvua na mito, hasara inayobaki kila mwaka hukaribia tabaka la maji lenye unene wa meta moja na nusu. Kwa hesabu nyepesi, isiyojali mabadiliko ya chumvi, Mlango wa Hormuz ungezibwa leo, kina chote cha wastani kingekwisha katika muda wa miaka 23 hivi.

Hata hivyo Ghuba haipungui, kwa sababu maji ya Bahari ya Hindi huingia kujaza pengo. Hapo ndipo swali la maana linapozuka. Maji huvukizwa, lakini chumvi haivukizwi. Kama maji yangeingia tu bila kutoka, chumvi ingelimbikizana mwaka baada ya mwaka bila kikomo. Hapana budi, basi, chumvi iwe na mahali pa kutokea. Mahali hapo pako chini, karibu na sakafu ya Mlango wa Hormuz, ambako maji mazito yenye chumvi nyingi hutoka kwenda Ghuba ya Oman, wakati maji mepesi zaidi yanaingia juu yake.

Hesabu ya ndoo arobaini

Mwanafunzi anaweza kukadiria mzunguko huo bila chombo chochote ila kalamu na karatasi. Kila kilogramu ya maji yanayoingia ina chumvi ipatayo gramu 37. Kila kilogramu ya yale yanayotoka chini ina kadiri ya gramu 40. Ili chumvi inayoingia ilingane na inayotoka, kwa kila ndoo 40 zinazoingia ni lazima zitoke ndoo 37, kwa kuwa 40 mara 37 ni sawa na 37 mara 40. Ndoo 3 zilizobaki ndizo zilizokwenda angani. Njia hii ya hesabu hupewa jina la Martin Knudsen, mwanasayansi wa Denmark aliyeieleza mwaka 1900.

Hasara ya meta moja na nusu kwa mwaka katika eneo lote la Ghuba ni sawa na meta za ujazo zipatazo 11,400 kwa sekunde. Ikiwa hizo ndizo ndoo 3, basi ndoo 37 zinazotoka ni meta za ujazo zipatazo 140,000 kwa sekunde. Kati ya Desemba 1996 na Machi 1998 wataalamu walitega vyombo vya kupimia mkondo katika Mlango wa Hormuz, wakapata kwamba maji yanayotoka katika tabaka la chini yalikaribia, kwa wastani, meta za ujazo 150,000 kwa sekunde. Hayo ni zaidi ya mara tatu ya maji ambayo Mto Kongo humwaga baharini. Hesabu ya darasani na vipimo vya baharini vimekutana, na katika hesabu yote hiyo upepo haukutajwa kama nguvu ya kusukuma.

Mkondo unaokabili upepo

Upepo mkuu wa Ghuba ni shamali, uvumao kutoka kaskazini-magharibi katika sehemu kubwa ya mwaka. Kama bahari ingefuata upepo na kitu kingine kisiwepo, maji ya juu yangesukumwa daima kuelekea Hormuz na nje. Lakini mkondo wa juu huingia Hormuz na kupanda kandokando ya pwani ya Iran kuelekea kaskazini-magharibi, uso kwa uso na shamali.

Sababu yake ni densiti, yaani uzito wa maji kwa kila kipimo cha ujazo. Maji ya chumvi nyingi ni mazito. Maji baridi ni mazito kuliko ya moto. Ndani ya Ghuba maji huongezewa chumvi mwaka mzima na hupoa wakati wa baridi, kwa hiyo huwa mazito kuliko yale ya nje. Uzito huo huzidisha kani ya maji karibu na sakafu, na maji mazito husukumwa chini kwa chini kuelekea mlangoni. Mengine mepesi hayana budi kuingia juu kushika nafasi. Mzunguko wa dunia nao hufanya kazi yake: katika nusu ya kaskazini ya dunia huvuta kila kiendacho upande wa kulia. Ndiyo maana maji yanayoingia huegemea pwani ya Iran, na yale yanayotoka huegemea upande wa Uarabuni.

Misimu miwili, bahari mbili

Kwa kuwa Ghuba haina kina, hali ya hewa huitawala kutoka juu hadi chini. Bahari kuu ina akiba kubwa ya maji ya kuhifadhi joto. Tabaka la meta 35 halina akiba ya namna hiyo. Maji ya juu hupita nyuzi 32 za Selsiasi wakati wa kiangazi, na katika sehemu za kaskazini hushuka hadi karibu nyuzi 16 wakati wa baridi. Mabadiliko hayo makubwa ndiyo yanayofanya mzunguko wake uwe wa kimsimu.

Wakati wa baridi shamali huja kwa vishindo vya siku tatu hadi tano, ikileta hewa kavu na baridi kutoka nchi kavu. Jambo linaloweza kumshangaza mwanafunzi ni kwamba mvukizo huwa mkubwa zaidi katika majira hayo kuliko katika joto la mwanzo wa kiangazi. Lakini mfuaji nguo hashangai: anajua kwamba shuka hukauka upesi siku ya upepo mkavu kuliko siku ya joto lenye unyevu na hewa iliyotulia. Kwa hiyo maji hupozwa, hutiwa chumvi na kukorogwa kwa pamoja. Katika sehemu nyingi tabaka la juu na la chini huchanganyika, na tofauti yake hutoweka. Mkondo uingiao hulegea na kuishia nusu ya kusini ya Ghuba, na mahali pa mzunguko mmoja mkubwa huonekana vizingia vingi vidogovidogo.

Kuanzia Aprili hadi Julai hali hubadilika. Jua hupasha maji ya juu, na tabaka jepesi hulala juu ya maji mazito yaliyosalia kutoka majira ya baridi. Matabaka hayo mawili yakiisha kutengana, maji yanayoingia huteleza juu ya yale mazito bila kuzuiwa sana na msuguano, yakafika mbali kaskazini. Ndipo mzunguko mkubwa, unaokwenda kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, unapojengeka kikamilifu. Pamoja na mabadiliko yote hayo, vipimo vya 1996 hadi 1998 vilionyesha kwamba mtiririko wa chini kabisa huko Hormuz haukubadilika sana kwa misimu. Sehemu za ndani zenye kina zaidi hufanya kazi kama mtungi: hujazwa maji mazito wakati wa baridi na kuvuja polepole mwaka mzima.

Ghuba si kioja cha peke yake. Katika Bahari ya Manjano, iliyo kati ya China na Korea na yenye kina cha wastani cha meta 44, upepo mkali wa kaskazini wakati wa baridi husukuma maji kuelekea kusini kandokando ya pwani zote mbili, ambako kina ni kifupi. Katika bonde la katikati maji ya uvuguvugu huenda kaskazini, kinyume cha upepo, kujaza pengo. Kiangazi kikija, maji baridi ya msimu uliopita hubaki chini ya bonde hilo, chini ya nyuzi 10, huku juu kukiwa na joto. Huko nako anayetazama mwelekeo wa upepo peke yake hupotea njia.

Pingamizi mbili

Watakuwapo wasemao kwamba hata hapa upepo ndio chanzo, kwani ndio unaokausha na kupoza maji. Pingamizi hilo lina haki yake, na kulijibu ni sehemu ya somo. Shamali hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa mkono mmoja husukuma uso wa maji kuelekea kusini-mashariki. Kwa mkono wa pili hukausha na kupoza, ikiyafanya maji ya ndani kuwa mazito na hivyo kuyavuta maji ya nje yaingie. Kazi ya kwanza huonekana kwa macho na kuisha upepo ukitulia. Ya pili haionekani, na athari yake hudumu miezi mingi baada ya upepo kutulia. Kusema "upepo" bila kusema ni mkono upi ni kuacha jambo bila kulieleza.

Wengine watasema kwamba mtaala umejaa na wanafunzi hawana nafasi ya mambo ya ndani namna hii. Jibu ni kwamba densiti imo tayari katika somo la fizikia, mvukizo umo katika jiografia, na miyeyusho imo katika kemia. Hakuna kinachohitaji kuongezwa ila uzi wa kuvishona pamoja.

Gharama ya jibu la nusu

Suala hili si la mitihani peke yake. Mapema mwaka 1991, wakati wa vita vya Kuwait, mamilioni ya mapipa ya mafuta yalimwagika katika Ghuba. Mafuta huelea, kwa hiyo yaliutii mkono wa kwanza wa shamali: yalisukumwa kusini kando ya pwani ya Saudi Arabia, yakachafua mamia ya kilometa za fukwe, na mengi yakazuiwa na kisiwa cha Abu Ali. Hapo aliyefuata upepo alikisia vyema.

Lakini miji ya Kuwait, Bahrain, Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu hupata sehemu kubwa ya maji ya kunywa kwa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, na mitambo hiyo hurudisha baharini maji mazito yenye chumvi nyingi zaidi. Hayo hayaelei, huzama na kutambaa juu ya sakafu. Ayatafutaye kwa kufuata upepo hatayapata yalipo. Ghuba nzima huchukua, kwa makadirio mengi, miaka 2 hadi 5 kubadilisha maji yake. Na katika hori zilizojifungia, kama ile ya Salwa, chumvi hupita gramu 50 kwa kilogramu. Mwaka 2008 vijimea vidogo vinavyogeuza rangi ya maji vilizuka, kwanza katika pwani ya Ghuba ya Oman na baadaye ndani ya Ghuba yenyewe, vikaendelea kwa zaidi ya miezi 8. Samaki wengi walikufa, na baadhi ya mitambo ya maji ya kunywa ilibidi isimamishwe. Kwa watu wa huko, kujua maji gani yanaingia, kwa tabaka lipi na katika miezi ipi, ni kujua kama bomba la nyumbani litatoa maji.

Kwa sababu hiyo uchunguzi wa msimu mmoja hautoshi kuamulia jambo. Baada ya maafa ya 1991, meli ya utafiti ya Marekani iitwayo Mt. Mitchell ilifanya kazi katika Ghuba kuanzia Februari hadi Juni 1992, ikashuhudia mwisho wa baridi na mwanzo wa kiangazi. Anayepima Februari peke yake huona bahari iliyokorogwa. Anayepima Juni peke yake huona bahari ya matabaka. Kila mmoja ana vipimo sahihi, na kila mmoja atashauri vibaya.

Funzo kwa pwani ya Afrika ya Mashariki

Pwani ya Tanzania na Kenya si bahari ya pembeni, na mvukizo hauitawali kama unavyoitawala Ghuba. Hata hivyo nayo ina onyo lake dhidi ya jibu la neno moja. Mkondo wa pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi huenda kwa nguvu, upepo ukiusaidia. Wakati wa kaskazi hulegea, lakini huendelea kwenda kaskazini, kinyume cha upepo, mpaka ukutane na mkondo unaoshuka kutoka Somalia, na yote miwili igeukie bahari kuu. Sababu ya huku si chumvi: mkondo huu hulishwa na maji yanayovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki na kugonga bara karibu na Rasi ya Delgado. Sababu ni nyingine, lakini kosa la kuutazama upepo peke yake ni lile lile. Mwanafunzi wa Tanga au Malindi aliyefundishwa kwamba maji hufuata upepo hukanushwa na bahari iliyo mbele ya shule yake kila Januari.

Nchi hizi zinajenga bandari, zinachimba gesi, zinapanda mwani na kumwaga maji machafu ya miji inayokua. Kila mradi huanza na swali: kitakachoingia baharini kitakwenda wapi? Watakaolijibu wameketi sasa katika madawati ya sekondari. Wakizoea tangu sasa kuuliza "katika msimu upi, na katika tabaka lipi?", hawatakubali baadaye ripoti iliyotokana na wiki mbili za vipimo vya kaskazi.

Chombo chenye vyumba viwili

Somo hili halihitaji maabara ya gharama. Luigi Ferdinando Marsigli, Mwitaliano aliyefika Istanbul mwaka 1679, aliambiwa na wavuvi kwamba katika mlango wa Bosporus maji ya juu huenda upande mmoja na ya chini upande wa pili. Hakuwapuuza. Alipima uzito wa maji ya pande zote mbili, kisha akatengeneza chombo chenye vyumba viwili, akatia maji mazito yenye rangi upande mmoja na mepesi upande wa pili, akafungua matundu mawili, moja juu na moja chini. Maji mazito yalipita tundu la chini na mepesi tundu la juu. Alichapisha matokeo yake mwaka 1681.

Mwalimu yeyote anaweza kurudia jaribio hilo kwa kisanduku cha kioo, kibao cha kutenganisha chenye matundu mawili, chumvi ya jikoni na rangi ya chakula. Baada ya hapo amwombe mwanafunzi mmoja apulizie hewa juu ya maji, kinyume cha mkondo wa juu, na darasa lieleze linachokiona. Wanafunzi watauona upepo ukisumbua uso wa maji, na chini yake maji mazito yakiendelea na safari yake.

Mabaharia wa majahazi waliujua upepo kwa sababu maisha yao yaliutegemea. Kizazi cha sasa kinaitegemea bahari kwa njia nyingi zaidi, na nyingi kati yake ziko chini ya uso wa maji. Jibu la "upepo" liendelee kupewa alama, lakini alama nusu, na mwalimu aandike pembeni: "Na uzito je?"